Makofi Kutoka Heru Juu

Kaka yangu alipotangaza kwamba mama atahamia mjini, hakumwambia mama. Alituambia mimi na shangazi, mama akiwa amekaa palepale mbele yetu, kana kwamba tunazungumzia kabati na tunatafuta namna ya kulipitisha mlangoni. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa mama, Heru Juu. Mama alikuwa amenyoosha mguu juu ya kigoda, goti limefungwa kitambaa, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Kaka alikuwa amekalia kiti cha marehemu baba, kiti ambacho siku nyingine hakikaliwi na mtu.

"Mjini kuna chumba," alisema. "Hospitali iko karibu. Hapa akianguka tena, nani atajua?"

Swali lilikuwa la haki, na ndiyo maana liliniudhi. Wiki chache kabla ya hapo mama aliteleza kwenye njia ya kushukia shambani, akalala chini tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kupinda, ndipo jirani aliyekuwa anapita na dumu la maji akamsikia. Kaka ndiye aliyembeba mgongoni kumpandisha mpaka barabarani, na tangu siku hiyo alikuwa anaongea kama mtu aliyekabwa koo. Sikatai kwamba aliogopa. Nilichokataa ni kwamba hofu yake ndiyo iamue mama alale wapi.

Mama hakuinua uso. "Oya," alisema.

Ndivyo tunavyokataa kwa Kiha, na mama alipokataa hakuwa na nyongeza. Kaka akajifanya hakusikia. Akaendelea kupanga: kitanda kitakaa upande gani, mbuzi watapewa nani, nyumba apangishwe mwalimu yupi. Mama akaendelea kutupa mawe ya kwenye maharage nje ya mlango, moja moja, na nikaona kwamba kila jiwe linapita karibu zaidi na kiatu cha kaka.

"Akianguka nitajua mimi," nikasema.

"Utajuaje? Wewe kutwa unaongea na hewa."

Hivyo ndivyo alivyoiita kazi yangu. Nilikuwa mwendeshaji wa redio ya mawasiliano, ile ambayo watu wa kwetu waliiita simu ya upepo. Niliianza Kibondo, wakati Warundi wanavuka mpaka na magodoro kichwani na mashirika yanakuja na magari meupe yenye antena ndefu. Walitafuta mtu anayeweza kukaa na vidude masikioni kutwa nzima bila kurukwa na akili, na anayeelewa Kirundi. Kwa Muha Kirundi si kazi. Baadaye nikahamishiwa Kasulu, na Wakongo walipokuja nikazoea na sauti zao pia, dereva anasema, "Tuko nakuya polepole, barabara iko mubaya," na mimi namjibu kwa Kiswahili cha shule ya msingi. Niliwajua kwa sauti watu wengi ambao hata leo nikipishana nao barabarani siwatambui.

Kaka alidhani hewa ni kitu kitupu. Mimi nilijua imejaa watu na mashine kama soko, na kazi yote ni kumpata mtu wako katikati ya hao. Ndipo nikasema, nikiwa na hasira na bila kufikiri sana, kwamba nitaweka redio moja hapa kwa mama na nyingine dukani kwa kaka. Yeye ndiye mwenye gari. Mama akipatwa na jambo ataita, na kaka atapanda kumchukua.

Kaka akacheka mpaka akashika meza. "Dukani kwangu? Pale?"

Hata shangazi alitabasamu, maana kila mtu alipajua pale. Duka la kaka lilikuwa kwenye mtaa wenye kelele kuliko yote Kasulu. Kulia kwake kulikuwa na banda la kuonyesha video, na jenereta yake ya petroli ilikaa nyuma ya ukuta wa kaka ikikohoa. Mbele, ng'ambo ya barabara, alikuwepo fundi wa kuchomelea mageti. Kushoto mashine ya kusaga. Magari ya mashirika yalisimama mlangoni kununua soda, madereva wakiongea kwenye redio zao huku mguu mmoja uko nje. Hata redio ya kawaida ya kusikiliza taarifa ya habari, kaka alikuwa anaipeleka uani na kuiinamisha.

"Wewe usicheke," shangazi akamwambia. Shangazi ni dada wa marehemu baba, na kwa jambo la nyumba ile neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. "Sema masharti yako."

Kaka akasema masharti yake, na siwezi kudai kwamba hayakuwa wazi. Redio ijaribiwe siku ya gulio, asubuhi, mtaa ukiwa umefurika na kila mashine inawaka. Nisikae mimi redioni, maana mimi nimezoea kusikia vitu ambavyo watu wa kawaida hawasikii. Akae yeye. Mama amwite, na yeye aseme kama amesikia. Akisikia, mama abaki na hataligusa tena jambo hilo. Asiposikia, mama ahame kabla ya masika.

"Na shangazi awepo dukani," nikasema, "asije mtu akawa kiziwi ghafla."

"Awepo."

Tukamgeukia mama. Alikuwa amemaliza kuchambua. "Mimi nimeshajibu," alisema, akasimama kwa mkongojo wake kwenda jikoni kuinjika maharage.

Redio nilizipata kwa shirika moja lililokuwa linafunga ofisi na kuuza vitu vyake vilivyochakaa. Zilikuwa redio mbili zilizong'olewa kwenye magari yaliyopinduka, moja ina ufa usoni, lakini ndani zilikuwa nzima. Ruhusa ya kuzitumia iliombwa na ikatoka. Nasema hivi kwa sababu nyakati zile, mpaka ukiwa karibu na watu wakiwa na wasiwasi, mlingoti nyumbani kwa mwanamke mzee ulikuwa unaulizwa maswali, na mpaka leo wapo wanaouliza. Niliwajibu wote. Niliwaonyesha karatasi kabla hawajamaliza kufungua mdomo.

Mlingoti wa Heru Juu ulikuwa mkaratusi mrefu uliokatwa shambani kwa mama mwenyewe. Redio ilikula moto wa betri ya gari, niliyokuwa naipeleka kuchajiwa mjini nyuma ya baiskeli, na nikirudi nayo kupanda kile kilima naomba Mungu isinimwagikie tindikali. Fundi wa redio wa pale kazini, rafiki yangu, alikuja kunisaidia kufunga waya. Akanishauri tujaribu kwanza Jumapili alasiri, mtaa umelala. "Upate moyo," alisema.

Nikakubali, kwa shingo upande. Jumapili hiyo nikakaa dukani kwa kaka, mlango umefungwa nusu, jenereta imezimwa, fundi wa mageti hayupo. Hewa ilikuwa safi kiasi kwamba ilitia shaka. Mama nilikuwa nimemfundisha siku nzima ya jana yake: shika kipaza sauti hiki, bonyeza kitufe cha pembeni, sema, achia, sikiliza. Alikuwa amenirudishia maneno yale bila kukosea. Saa tuliyopatana ikafika. Kimya. Nikaita, kimya. Nikaita tena mpaka nikawa naiona sura ya kaka imesimama mbele yangu ikitabasamu. Nikapanda baiskeli kwenda Heru Juu huku nikizitukana redio, waya, shirika lililoniuzia na rafiki yangu aliyefunga.

Nilimkuta mama amekaa mbele ya redio, kanga ya heshima mabegani, amenuna.

"Mwana wanje," alisema, "nimekusalimia mpaka mikono inauma. Kwa nini huitikii?"

Kipaza sauti kilikuwa juu ya meza, kimelala chali.

Nikakaa chini. Kwa wasiotujua, ni lazima nieleze: Muha hasalimii kwa mdomo peke yake. Mtu anainama kidogo, anapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa, anasema mwakeye ikiwa ni asubuhi, anauliza mmelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe wamelalaje, na makofi yanaendelea chini ya maneno mpaka habari ziishe. Anayesalimiwa naye anapiga yake. Kumsalimia mtu umeshika kitu mkononi ni kama kumpa chakula kwa kukitupa. Mama, basi, saa ilipofika alikiweka kipaza sauti mezani kwa adabu zote, akafungua viganja, akanisalimia. Salamu kamili, na kitufe hakijabonyezwa na mtu.

"Mama," nikasema, "kwenye redio hakuna salamu ndefu. Unaita, unasema shida, basi."

Aliniangalia kama mtu anayejiuliza alikosea wapi katika kunilea. "Kwa hiyo nikiumwa nianze tu kuumwa? Nimpigie mtu kelele za shida kabla sijajua kama kaamka salama?"

Kazini nilikuwa nimefundishwa kwamba mashine haibadiliki, abadilike mtu. Madereva tuliwafundisha hivyo, na manesi, na hata wakubwa waliokuja na ndege. Ningeweza kumbana mama pia. Lakini nilitazama ile mikono iliyokaa wazi mapajani, bado inasubiri kuitikiwa, na nikapandwa na hasira kubwa kuliko ya njiani, safari hii si kwa mama. Kaka anataka ahame nyumba, na mimi nataka aache salamu. Tofauti yetu ilikuwa wapi? Nikapiga makofi, nikaitikia salamu yake yote mpaka kuku, kisha nikaenda stoo.

Stoo kulikuwa na cherehani iliyokufa, ile ambayo mama alitushonea nayo sare za shule. Nikaing'oa pedeli yake. Kwa mafundi wa magari nikapata swichi ya breki, ile inayowasha taa za nyuma dereva anapokanyaga. Nikaunganisha waya zake na za kitufe, nikaifunga chini ya pedeli. Kipaza sauti nikakisimamisha mezani kwenye kibao chenye tundu, kinamtazama mama usoni. Sasa akikanyaga kwa mguu mzima redio inafunguka, akiachia inasikiliza, na mikono yote miwili ni yake. Mama aliijaribu mara moja tu. Mguu wake uliikumbuka pedeli ile kuliko nilivyotegemea, na akauliza kwa nini sikufanya hivi toka mwanzo.

Zikabaki kelele. Rafiki yangu wa kazini alinishauri tena tujaribu kwenye utulivu, tupande polepole. Nikamwambia kwamba mama hakuahidi kuanguka Jumapili alasiri. Nilitaka kelele zote, na nilizitaka mapema, kabla kaka hajazitumia dhidi yangu. Kwa hiyo kila nilipotoka zamu nilipita mtaani kwake nikiomba watu wapige kelele.

Fundi wa mageti alifikiri namdhihaki. "Watu wanakuja hapa kuniomba nipumzike, watoto wamelala, kuna msiba. Wewe unakuja kuniomba nichome?"

"Nakuomba uchome. Na kipande kinene."

Alichoma. Redio ikapasuka kama bati linalochanwa, na mama huko juu akapotea katikati ya salamu. Yule wa banda la video aliwasha jenereta, na kwa kila kukohoa kwake kukawa na mlio wa mchanga unaomwagwa kwenye ndoo. Gari la shirika likasimama mlangoni, dereva akashika redio yake, nayo ya kwangu ikakabwa kabisa, haikutoa hata mchanga, mpaka alipomaliza kuagiza sijui mbao sijui misumari. Yeye alikuwa kwenye masafa yake na mimi kwenye yangu, lakini mtu akipiga kelele karibu na sikio lako, yule anayekunong'oneza kutoka mbali humsikii.

Nilipambana na mmoja mmoja. Antena ya dukani niliihamisha kutoka ukutani kwa jenereta kuipeleka mwisho wa ua, juu ya nguzo ndefu kuliko mwembe wa jirani. Redio nikaipa betri yake peke yake. Mwenye banda la video nilimbembeleza mpaka akaniacha nifunike plagi ya jenereta yake kwa kopo la bati na kuifunga waya mpaka ardhini, na alisema nikiiharibu nitakaa mlangoni kuwaigizia wateja wake ile filamu. Kila kitu kilisaidia kidogo. Ikiwaka mashine moja, nilimsikia mama vizuri. Zikiwaka mbili, nilimsikia kama tu najua tayari anachotaka kusema. Zikiwaka zote, sauti yake ilikuja kama uji.

Tatizo la mwisho lilikuwa sauti yenyewe. Mama anaongea chini chini, kwa ndani, kama wanawake wa umri wake waliofundishwa kwamba mwenye heshima husogelewa. Nilimwomba apaze. "Mimi si mpiga debe," alisema. Nilimwomba basi apunguze makofi, maana yale niliyasikia mara zote, ko, ko, ko, hata jenereta na mageti vikiwa vimechangamka pamoja, na yalinikera. Niliyahesabu kama kelele nyingine. Nilisubiri yaishe ili maneno yaanze, na maneno hayakuwa yakifika.

"Punguza kelele za mjini," mama alinijibu. "Mimi niko kwangu."

Siku ya gulio ikafika. Nililala vibaya na niliamka nikiwa nimekasirika, hali ambayo kwangu ni nzuri kuliko kuogopa. Nilipita Heru Juu kupata uhakika wa betri, nikamwacha mama mbele ya kibao chake, kanga ya heshima mabegani, mkongojo umeegemezwa ukutani. Hakuniuliza kama itafanya kazi. Aliniuliza kama nimekula. Alipokuwa ananisindikiza kwa macho nikaona ameanza kuangalia chumba, pembe moja baada ya nyingine, picha ya harusi, kiti cha baba, dirisha linaloangalia migomba, na nikageuza uso kwa sababu sikutaka kumwona akiaga. Nikashuka mjini kwa kasi ambayo breki za baiskeli ile hazikuistahili.

Mtaa ulikuwa umefurika. Wanawake wa vijijini na vikapu vya mihogo na maharage, wauza mitumba, wabadilisha faranga waliotoka upande wa Manyovu, pikipiki ya mchungaji isiyo na ekzosi. Mashine ya kusaga ilikuwa na foleni. Banda la video lilikuwa limeanza mapema, na fundi wa mageti, ambaye kwa sasa alikuwa anaiona shughuli ile kuwa yake pia, aliniinulia kinyago chake kunisalimia kisha akashuka kwenye kazi. Cheche zikaruka. Dukani wateja walikuwa wamejaa mpaka kwenye magunia ya chumvi. Shangazi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda kando ya kaunta, mkoba mapajani, kama hakimu.

Kaka alivuta kiti mbele ya redio. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye hakulala.

"Sitadanganya," aliniambia bila kunitazama. "Nikisikia nitasema nimesikia."

"Najua," nikasema, na kweli nilijua. Ndiyo maana niliogopa. Mtu mwongo ningemshika. Huyu angesikiliza kwa haki kabisa, asisikie, na mama ahame kwa haki kabisa.

Saa ikafika. Redio ikaanza kuchanika na kumwaga mchanga wake. Kaka akainamisha sikio. Chini ya mchanga kukawa na kitu, kipande cha sauti, kikazama. Fundi wa mageti alikuwa amefika kwenye bawaba. Kaka akatikisa kichwa. Kipande kingine cha sauti kikaja, kirefu zaidi, mtu anasema kitu, lakini mtu gani na kitu gani huwezi kuapa. Gari la shirika likasimama mlangoni. Dereva akashika redio yake, na ya kwetu ikafa.

"Sisikii," kaka alisema. Hakuwa anafurahi. Aliweka viganja usoni. "Dada, sisikii. Mungu ananiona, nimesikiliza."

Nilitaka kusema subiri. Shangazi alikuwa anautazama mkoba wake. Nje dereva akamaliza mazungumzo yake, na mchanga ukarudi kwenye redio, na ndani ya mchanga, ko. Ko. Ko. Ko. Ya taratibu, viganja vimekunjwa. Sauti ya mtu ni laini, inalowa na kupotea. Kofi ni kavu. Lilipita kwenye jenereta, kwenye mageti, kwenye pikipiki ya mchungaji, likatufikia likiwa zima, na halikuwa na haraka yoyote.

Kaka alikuwa ameshasimama kunipisha. Mgongo wake ukainama. Sidhani kama yeye aliuinamisha. Mikono yake ikaondoka usoni ikakutana mbele ya kifua, ikaanza kupiga, ko, ko, ko, ikifuata mwendo wa ile mingine, na mdomo wake ukasema kwa sauti ya chini, "Mwakeye, mama. Mwakeye."

Wanawake wawili waliokuwa wanapima chumvi walikuwa wameinama nao, wanapiga makofi, bila kujua wanamsalimia nani. Kaka aliendelea mpaka salamu ilipokwisha kule juu, ndipo akaiona mikono yake mwenyewe.

"Umeitikia," shangazi alisema.

Kaka akaishusha mikono.

"Sharti lako toka mwanzo lilikuwa usikie, halikuwa uelewe. Mtu haitikii salamu ambayo hakuisikia." Akasimama, akatia mkoba kwapani. "Mama yenu anabaki kwake."

Nilidhani nitashangilia. Wiki zote zile nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia kaka siku hiyo, mengine makali sana, na sikuweza kulikumbuka hata moja. Nililia mbele ya wateja wake, tena kwa sauti. Kaka alichukua ufunguo wa gari kwenye msumari.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Si kaniita?"

Tulipanda wote Heru Juu, shangazi mbele, mimi nyuma kwenye bodi nimeshika bomba. Mama alikuwa bado mezani, mguu umekaa juu ya pedeli lakini haukanyagi. Kaka alisimama mlangoni. Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka shati la kanisani, na sura yake haikuwa ya mtu aliyeshinda.

"Nimekusalimia," alisema. "Nimekusalimia mara nyingi. Hukuitikia."

"Nimeitikia, mama."

"Sikusikia."

Kaka akageuka kunitazama. Nikaelewa wakati uleule alipoelewa yeye. Dukani hakukuwa na pedeli. Kipaza sauti cha kwake kilikuwa cha kushika na kubonyeza kwa mkono, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye makofi. Mama alikuwa amekaa peke yake, mbele ya redio, anapiga makofi kwenye kelele, akiamini kwamba hakuna mtu upande wa pili na kwamba jioni ataanza kufunga vitu vyake, na hata hivyo akaendelea kupiga.

Kaka akainama palepale mlangoni, akamwamkia upya, na mama akaitikia mpaka mwisho, watoto, duka, hata gari. Kisha akamwambia asikalie kile kiti, achukue kigoda.

Jumatatu asubuhi, nikiwa kazini, mlinzi alikuja kuniambia kuna mtu ananitafuta getini. Alikuwa kaka. Mkononi alikuwa na pedeli ya cherehani, mpya kabisa, bado ina karatasi ya dukani.

"Nitengenezee na mimi," alisema.